Wanazima Gemu Letu

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Nimefuta padi zote nne za banda langu la gemu kwa spiriti. Ya kwanza ina mafuta ya chipsi. Ya pili ina mafuta ya chipsi. Ya tatu ina ugali umekaukia kwenye vitufe, sijui wa nani. Mtu anakula, anajipangusa kwenye suruali, anashika padi yangu. Nimesema mpaka nimechoka. Nimebandika hata picha ya mkono na bomba la maji ukutani. Wanaiangalia wanacheka.

Baridi leo. Baridi ya Iringa mwezi wa sita inaanzia magotini. Mashine ya gemu nimeivalisha sweta lake. Nimelifuma mwenyewe mwezi uliopita, uzi wa bluu, mzito. Nimeacha tundu la kuingizia CD na tundu la kuwashia, basi. Nyumba ya mtu anayejiheshimu kila kitu kina kitambaa. TV ina chake, redio ina chake, makochi yana vyake. Sasa mashine inayoninunulia mboga ikae uchi kwenye baridi hii? Vumbi nalo je?

Ezekia wa bodaboda kaingia, kaona sweta. Anasema, "Bibi, mashine imevaa sweta, mimi naendesha pikipiki na fulana!" Nikamwambia una mke, akufumie.

Huyo Ezekia ndiye kanisomea. Mimi sikwenda shule. Namba nazijua, rangi nazijua, vitufe vya padi nabonyeza hata nikifumba macho. Ila maneno ya Kizungu yanayotokea gemu likifunguka huwa nayafuta tu yapite. Leo yametokea marefu. Ezekia akasema ngoja Bibi, usifute. Akasoma. Akarudi mwanzo akasoma tena. Nikamwambia sema.

Wanazima gemu letu. Tarehe thelathini mwezi huu.

CD itabaki, mtu atacheza na aliyekaa naye kwenye benchi. Wanachozima ni kule kwenye mtandao, kunakofanya mtu wa Iringa acheze na mtu wa Mbeya. Eti gemu limezeeka. Eti tununue jipya. Na hilo jipya haliingii kwenye mashine hii, linataka mashine mpya.

Gemu limezeeka. Miaka sita! Mimi nina viatu vya miaka sita naendea kanisani.

Nina hasira. Simu, acha kuandika.

Jumanne, tarehe 3

Jana niliacha katikati. Hizi habari zangu naongea, simu inaandika, halafu siku nyingine naibonyeza inanisomea. Kwa hiyo nataka iwe imekaa sawa, nisije nikasikia nikashindwa kujielewa.

Mtu wa Mbeya ni Mama Atupele. Ni mke mwenzangu.

Marehemu mume wetu alikuwa dereva wa lori, Dar mpaka Tunduma. Njiani akaweka nyumba mbili. Mimi hapa Iringa, yeye Uyole. Mkubwa ni mimi. Nilimchukia huyo mwanamke, sifichi. Ila chuki yenyewe ilikosa pa kushika, maana yule bwana alikuwa na utaratibu. Akinunua sufuria ananunua mbili. Kitenge, viwili, maua yale yale. Blanketi mbili. Mchele wa Usangu akileta, magunia mawili, na anayapima mbele ya utingo wake awe shahidi. Kwetu mwanaume mwenye nyumba mbili akizidisha kijiko upande mmoja, ukoo mzima unakaa kikao.

Mwishoni, alipoacha lori, akaleta mashine mbili za gemu kutoka Tunduma. Zilishatumika, lakini pacha. Na TV mbili na CD mbili. Akasema fungueni mabanda, mtakula hapo. Akafa mwaka huo huo.

Kucheza sikutaka. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni naangalia muda wa watu. Sasa ukikaa unaangalia miezi, unaanza kuona. Unaona huyu anakimbia na mpira kama kafukuzwa na nyuki, si apige pasi? Unaona yule beki kaacha mlango wazi. Inakuwasha. Siku moja nikashika padi. Nikafungwa saba. Wakacheka mpaka wakatoka nje kucheka vizuri. Walinifunga tena na tena, halafu wakaacha kunifunga, halafu wakaacha kucheka.

Na yeye kule Uyole hivyo hivyo, bila kuambiana. Tulijuana siku ya kuweka msalaba kaburini. Tumekaa mkeka mmoja hatuangaliani. Akaniinamia, akasema, "Dada, wewe unatumia timu gani?" Neno lake la kwanza kwangu bila mtu wa kupeleka ujumbe katikati.

Toka hapo, kila Jumamosi saa kumi jioni. Miaka minne sasa. Yeye kashinda mara mia moja na mbili, mimi mia moja na moja. Sare hatuhesabu. Tunazo kichwani wote wawili na hatujawahi kubishana.

Sasa zimebaki Jumamosi nne. Sikubali wazime yeye akiwa juu yangu. Sikubali.

Jumamosi, tarehe 7

Nimedhulumiwa.

Nilikuwa naongoza mbili moja. Dakika ya themanini na kitu. Mashine toka asubuhi inanguruma kama lori linapanda mlima Kitonga, nikaongeza sauti ya TV nisiisikie. Mara kimya. Taa nyekundu. Imezima.

Na gemu nalo halina huruma. Ukitoka katikati, kule linahesabu umekimbia, unaandikiwa kufungwa tatu bila. Haliulizi umeme, haliulizi mashine, haliulizi kama mtu kaanguka kafa na padi mkononi. Waliotengeneza wanakaa sehemu ambayo umeme haukatiki. Hawajui kuna watu wanaishi hivi.

Mama Atupele kanitumia voisi. Sauti imejaa kicheko. "Dada, mbona umenikimbia? Mia na tatu kwa mia na moja. Sheria ni sheria!"

Ile "sheria ni sheria" imenikaa hapa kifuani mpaka sasa. Chai sijamaliza.

Jumatano, tarehe 11

Leo wateja wachache, naongea.

Padi. Padi hizi zimetengenezewa mkono wa kijana mrefu wa Ulaya. Mimi vidole vyangu vimevimba viungo, gumba la kushoto likipata baridi halikunji. Kuna mtu aliyewahi kumuuliza mtu kama mimi, mama, hiki kitufe unakifikia? Na zile zisizo na waya ndiyo kabisa. Mchezo uko pazuri, padi inakwambia chaji imeisha. Mimi nipeni waya. Waya nauona, nikiuvuta unavutika, ukikatika naona ulipokatikia.

Halafu kile kijiti cha kushoto. Miezi minne tu kinaanza kwenda chenyewe. Umeachia, mchezaji wako anatembea kulia taratibu kama mlevi anatafuta kwao. Nimenunua padi tatu mpya, zote tatu zimeingia ulevi. Ile ya zamani aliyoleta marehemu, yenye waya, mpaka leo inasimama pale unapoiambia simama. Wanajua kutengeneza. Wameamua kutotengeneza.

Gemu zenyewe sasa. Kila mwaka wanatoa jipya. Ezekia alinionyesha la mwaka huu kwenye simu. Nikamwambia hilo ni letu, wamebadilisha jezi na nywele. Nyasi zile zile. Refa yule yule kipofu. Watangazaji wanabwabwaja wale wale. Unauziwa uji wa jana kwenye bakuli la leo.

Na ule uhuni wa kuuza wachezaji kwenye pakiti. Unalipa, unafungua, hujui utakuta nani. Mimi nimezaliwa Ilula, nimeuza nyanya barabarani toka sijaota maziwa. Tenga la nyanya tulipanga hivi: juu nzuri, nyekundu, zinang'aa, chini zile zilizolala. Abiria ananunulia dirishani, basi linaondoka, anakuja kugundua akiwa Mikumi. Tulikuwa tunafanya, sikatai. Lakini angalau za juu alikuwa anaziona! Hawa wanakuuzia tenga limefunikwa lote. Na wanaonunua ni watoto wa watu, kwa simu za mama zao.

Wameweka timu za wanawake, hapo nawasifu. Wanapiga mpira vizuri. Lakini nimetazama jukwaani, uwanja mzima, maelfu ya watu, hakuna bibi hata mmoja kajifunga kitenge. Wanadhani sisi tuko wapi?

Mashine imezima mara mbili leo. Sisemi zaidi.

Jumamosi, tarehe 14

Tulianza saa kumi kamili. Dakika ya thelathini, taa nyekundu. Nikasubiri, nikawasha. Nikaitandikia na khanga juu ya sweta maana upepo wa leo ulikuwa unaingia mpaka chini ya mlango. Tukaanza upya. Dakika ya ishirini, nyekundu.

Voisi ikaja. Safari hii hacheki. "Dada, leo tusihesabu. Pumzika. Mashine yako imechoka, yangu bado ina nguvu."

Tusihesabu! Ananionea huruma. Bora angenicheka.

Yangu bado ina nguvu. Kasema hivyo. Nimeisikiliza hiyo sehemu mara nyingi.

Jumapili, tarehe 15

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napiga hesabu.

Mashine pacha. Siku moja zimenunuliwa. Lori moja zimepanda. Miaka sawasawa, kazi sawasawa, maana banda lake na langu wateja ni wale wale. Sasa kwa nini yangu inakata roho na ya kwake ina nguvu?

Nimejua. Magunia alipima mbele ya utingo, kwa sababu gunia kila mtu anaona. Mashine nani anaona ndani? Alijua ipi nzima. Akaanza kushusha kwangu au kwake? Tunduma mtu anatoka anapita Uyole kwanza. Akachagua kule kule. Iliyobaki ndiyo nikaletewa mimi.

Miaka yote nilimsifu yule mtu kwa haki yake. Nilisimama kwenye msiba nikasema mbele ya watu, mume wangu hakubagua. Nilisema mimi, kwa mdomo huu.

Nimemtumia voisi Mama Atupele. Nimemwambia hongera. Nimemwambia yule bwana alitudanganya kwa sufuria na vitenge, kumbe kitu kizima alikuwekea wewe uliyekuja nyuma, na mimi niliyeolewa naye akiwa hana hata kitanda nikapewa kopo. Nimemwambia mia na tatu zako siyo za mkono, ni za mashine. Nimemwambia kula raha.

Nimeituma bila kuisikiliza. Moyo ulipoa dakika kumi hivi.

Jumatano, tarehe 18

Alama za bluu. Kasikiliza. Hajajibu.

Mashine inadumu robo saa. Wateja wanaenda banda la kule juu. Nimekaa mlangoni nafuma.

Jumamosi, tarehe 21

Saa kumi nimewasha. Nilijua haitafika mbali lakini nimewasha. Nikaingia kule tunakokutana. Jina lake huwa lina kitone cha kijani pembeni. Leo cha kijivu.

Mashine haikuzima. Ningependa izime, nipate sababu. Imesimama inanguruma, na mimi nimeshika padi, na kitone cha kijivu. Nilikaa mpaka kumi na moja na robo. Ndipo ikazima.

Miaka minne hajakosa Jumamosi. Hata aliposhonwa tumbo alicheza akiwa kitandani, akaniambia dada leo nifunge taratibu, nikicheka nyuzi zinavuta.

Imebaki Jumamosi moja. Namba sizifikirii tena. Nafikiria kile kitone.

Ila sijakosea. Nasema sijakosea.

Jumanne, tarehe 24

Nimekosea.

Ezekia kanipakia na mashine mpaka Miyomboni, kwa fundi. Fundi mwenyewe ni binti, Joyce, bisibisi kaichomeka kwenye nywele. Akapokea mashine na sweta lake. Akalishika lile sweta kwa vidole viwili. Akaniangalia. Akamwangalia Ezekia. Ezekia akaangalia barabarani.

"Bibi, mashine ilikuwa inavishwa hili ikiwa imewaka?"

Nikamwambia ndiyo, na usiku pia, kuna baridi.

Akafungua. Mwanangu wee. Ndani bluu. Uzi wangu, yale manyoya yake, yamejazana kama kiota cha ndege. Feni imeng'ang'ania, plastiki imelainika upande mmoja. Akanionyesha vitobo vya nyuma na vya pembeni. Akasema mashine inapumulia hapa, Bibi. Inatoa joto hapa. Umeiziba pua na mdomo.

Nikasema lakini Iringa kuna baridi.

Akasema, "Bibi, hii haijui baridi. Hii inachojua ni joto."

Hakucheka. Ezekia ndiye alicheka, njiani, nilihisi mgongo wake unatikisika. Sikumgombeza. Sikuwa na nguvu.

Feni mpya inatoka Dar. Itakuja wiki ijayo. Wiki ijayo gemu limeshazimwa.

Kumbe yangu ilikuwa nzima. Imefanya kazi miaka yote hiyo. Nimeiua mimi, kwa mikono hii, kwa mapenzi. Na nimemtukana mtu aliye hai na mtu aliye kaburini kwa ajili ya sweta.

Alhamisi, tarehe 26

Nimerekodi voisi ya kuomba radhi mara saba. Zote nimefuta. Sauti yangu inasikika kama mtu anayeuza kitu.

Kesho naenda Uyole. Nikifukuzwa nifukuzwe mlangoni, nimuone uso.

Jumamosi, tarehe 28. Uyole

Naongelea huku, chumba cha uani kwake. Nina blanketi mbili na bado nasikia baridi. Huku ndiko baridi ilikozaliwa.

Jana jioni nilimkuta uani anachambua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza huku. Akaniona toka getini. Hakusimama. Nikasogea. Akasema, "Ugonile." Nikajibu kamwene. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana siku zote, kila mtu na lugha ya kwao. Lakini safari hii yake ilikuwa fupi.

Nikakaa kwenye ndoo, nikaanza kuchambua na mimi. Nimechambua karibu debe zima ndipo nikasema. Nimemwambia yote. Sweta, fundi, uzi wa bluu. Nilivyofika kwenye khanga juu ya sweta akaweka kiazi chini.

"Ukaifunika na khanga?"

"Kulikuwa na upepo."

Mabega yakaanza kutikisika. Akajikaza. Akarudi kununa.

Nikasema nimekuja kuifuta ile voisi. Akasema, "Voisi haifutiki, dada. Niliisikiliza mara tatu. Ya tatu nilikuwa na wageni."

Nilitamani kuingia kwenye kile kiroba cha viazi.

Akasimama, akaniambia njoo. Tukaingia ndani. Juu ya kabati la vyombo kuna mashine, na juu ya mashine kapanga vikombe. Akatoa vikombe kimoja kimoja. Akaniambia shika. Nikashika. Nyepesi. Tupu ndani.

"Hii ndiyo aliyoniletea. Ilikufa mwaka juzi. Ile ninayochezea niliuza nguruwe wangu wawili, nikamtuma mtu Tunduma, nikamwambia nataka kama hii hii, CD ileile iingie."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia.

Akasema, "Ningekwambia, ungesema bi mdogo kashindwa kutunza. Halafu na mimi nilikuwa na langu. Ilipokufa nilikaa hapa chini nikasema, haya, yule bwana ameonekana sasa, nzima alimpelekea mkubwa."

"Uliwahi kumwambia nani?"

"Nilijiambia mwenyewe. Sikurekodi."

Nguruwe wawili. Ili Jumamosi isikatike. Na mimi nilimwambia mia na tatu zake ni za mashine.

Leo tumekula ndizi na maharage. Saa kumi akawasha. Tukakaa kochi moja mbele ya TV moja, mara ya kwanza toka tujuane. Ni kitu kigeni. Kule kwenye mtandao humuoni mtu. Hapa nikamuona anavyocheza: anang'ata ulimi, anasukumana na padi, akikosa goli anamlaumu marehemu kwa Kinyakyusa. Macho kayasogeza karibu na kioo. Nikamuuliza unaona vizuri? Akasema cheza.

Nimefungwa mbili moja. Mashine haikuzima. Padi haikwenda upande. Mtandao haukuwepo wa kukatika. Nimetafuta wa kumlaumu sikumpata. Mia na nne kwa mia na moja.

Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, dada, kwa kuja kufungwa." Hapo ndipo alipocheka. Alicheka vizuri, mpaka akajifuta macho na kitenge.

Sikucheka sana mimi. Mwendo kutoka kwangu hadi hapa ni kutwa nzima, na magoti haya siyo ya kila Jumamosi. Yeye ana nguruwe, ana viazi. Nimekuja safari hii kwa sababu ya aibu. Aibu siyo ya kila wiki.

Jumatatu, tarehe 30

Nimerudi jana, mgongo umekufa.

Leo wamezima. Mashine yangu iko kwa fundi, kwa hiyo hata kuona sikuona. Mama Atupele ndiye kanisimulia. Anasema aliacha wazi toka asubuhi. Saa tisa hivi yakatokea maneno mafupi, halafu ile sehemu ikawa haifunguki. Basi. Hakuna muziki, hakuna kwaheri.

Hawajui walichofunga. Hilo ndilo linaloniuma. Mwenye duka hapa mtaani kwetu akifunga anapita nyumba kwa nyumba, anasema jamani nahama, mwenye chombo changu anirudishie, mwenye neno aseme. Hawa walikaa mezani wakasema huku hakuna watu. Kuna watu. Tulikuwa wawili.

Gemu lilinunuliwa kwa hela, CD ninayo mkononi, sikuazimwa. Sasa nani kampa mtu ruhusa ya kuja kukata kipande chake baada ya miaka? Mtu akikuuzia ng'ombe harudi mwaka wa sita kuchukua mguu.

Vijana wananiambia Bibi nunua mashine mpya. Sinunui. Siyo kwamba sina. Sitaki kuwapa watu hawa kitu changu tena.

Nimesema maneno mengi. Nimechoka nayo.

Alhamisi, tarehe 3 mwezi wa saba

Feni imefika. Joyce kaiweka, kaisafisha, kapaka dawa ya ndani ya kupoza joto. Inawaka huisikii. Wateja wamerudi wanne.

Mtu mmoja mwenye padi hana wa kumtumia pasi. Sijui nasema nini. Kesho.

Jumamosi, tarehe 5

Saa kumi imefika banda likiwa tupu. Nikawasha. Nikachagua timu yangu. Mashine ikaniuliza mpinzani nani, nikachagua kompyuta, na kompyuta nikaivalisha jezi ya Mama Atupele, ile nyeupe.

Kompyuta inacheza vizuri. Haisemi kitu. Nikafunga goli, kimya. Nikakosa penati, kimya.

Simu ikalia.

"Dada, umekaa?"

"Nimekaa."

"Umechukua nani?"

Nikamwambia. Akasema na yeye kampa kompyuta timu yangu na anaitandika vibaya sana. Nikamwambia subiri nianze upya. Tukaweka simu spika, kila mtu na TV yake. Yeye anasema kona, mimi nasema ofsaidi, zote hazihusiani. Nilisikia kuku wake. Nilisikia anavyong'ata ulimi, sasa kwa kuwa nimeshamuona.

Amesema Jumatatu anapelekwa hospitali kuangaliwa macho. Nikasema vizuri.

Mpira ukaisha. Akauliza ngapi. Nikasema nimeshinda tatu bila. Akasema na yeye tatu bila. Halafu akasema haya dada, maharage yanaungua.

Nilifungwa moja bila.